Siku 11 kabla ya Hilal: uamuzi ulioigharimu Yanga robo fainali

Tangu Taifa Stars ya Miguel Gamondi iingie 16 Bora ya AFCON kule Morocco, mjadala wa Novemba 2024 umerudi vijiweni na moto wake wote. Mashabiki wa Yanga, Wananchi, wanaulizana upya: Gamondi alipoonyeshwa mlango Yanga, nani hasa alistahili kukalia kiti chake? Wapo wanaoapa kwamba kocha wa zamani, Nasreddine Nabi, angerudishwa kwa gharama yoyote. Wapo watu wa Florent Ibenge. Wapo wanaomtetea Sead Ramovic, aliyepewa kiti hicho, kwamba alikabidhiwa timu iliyochoka. Msimamo wangu ni ule ule wa siku ile. Swali lenyewe limeanzia pabaya. Tarehe 15 Novemba 2024 Yanga haikuhitaji mrithi. Ilihitaji beki Bacca amalize adhabu yake ya kadi nyekundu, wachezaji warudi kutoka timu za taifa, na uongozi utulie.

Turudi kwenye hali halisi ya asubuhi ile. Yanga ilikuwa imecheza mechi 10 za ligi, imeshinda nane, imepoteza mbili, ina pointi 24. Nane za kwanza ilishinda zote bila nyavu zake kuguswa, ikiwemo ya Simba tarehe 19 Oktoba. Ligi ya Mabingwa ilikuwa imepita kwa Vital'O na CBE kwa jumla ya mabao 17 kwa bila katika mechi nne. Ngao ya Jamii ilikuwa kabatini, Azam akiwa amepigwa 4-1 fainali. Kisha zikaja siku chache mbaya: Azam wakashinda 1-0 Chamazi, Yanga ikicheza sehemu kubwa ya mchezo na watu 10 baada ya Bacca kupewa kadi nyekundu, halafu Tabora United wakaja kushinda 3-1. Mechi mbili. Kwa mechi hizo mbili kocha bingwa akafungashwa virago, na siku hiyo hiyo Ramovic akatangazwa.

Sasa tazama kalenda, kwa sababu kosa lote limelala hapo. Mechi ya kwanza ya makundi ya Ligi ya Mabingwa ilikuwa tarehe 26 Novemba, nyumbani, dhidi ya Al Hilal ya Omdurman. Toka tarehe 15 hadi 26 ni siku 11. Na siku 11 zenyewe hazikuwa za mazoezi. Ilikuwa ni wiki ya FIFA. Stars walicheza na Ethiopia Kinshasa tarehe 16, wakarudi kucheza na Guinea hapa Uwanja wa Mkapa tarehe 19. Mabeki na viungo wazawa wa Yanga walikuwa huko, na wageni nao wakiitwa na mataifa yao. Kocha mgeni anayetoka TS Galaxy ya Afrika Kusini, ambaye hajawahi kufanya kazi Tanzania, alibaki na takribani wiki moja ya kukaa na kikosi chake kamili. Mechi yake ya kwanza kabisa kwenye benchi ikawa Ligi ya Mabingwa Afrika.

Hata hilo lingesameheka kama angeletwa mtu wa kuendeleza kile kilichokuwepo. Ililetwa falsafa ya upande wa pili kabisa. Yanga ya Gamondi ilikuwa 4-2-3-1 ya subira. Aucho na Mudathir walikaa nyuma ya mpira, mabeki wa pembeni wakapanda, Aziz Ki, Pacome na Nzengeli wakabadilishana nafasi nyuma ya mshambuliaji. Mpira ulizungushwa mpaka mpinzani afungue mlango mwenyewe. Ramovic anataka kinyume chake: kaba kuanzia juu, nyang'anya mpira ndani ya sekunde chache, piga mbele moja kwa moja. Ni soka zuri, na mashabiki walilipenda haraka wakaanza kuimba "gusa, achia, twende kwao". Lakini soka hilo lina masharti. Wanne wa mbele wakipanda kukaba, viungo lazima wapande nao, na mabeki wasogee mpaka karibu na mstari wa kati. Mmoja akichelewa hatua tatu tu, katikati panabaki uwanja mtupu. Kulijenga kunataka utimamu wa mwili wa aina yake, na kunataka mazoezi ya wiki nyingi watu wakiwa pamoja, wakirudia kitu kile kile hadi kiingie miguuni.

Na mbele yako yuko nani? Ibenge. Kocha aliyekuwa na Hilal tangu 2022, anayeijua Mkapa tangu akiwa na AS Vita, ambaye kazi anayoipenda ni kuacha timu nyingine ipande kisha apige nyuma yake. Mliotazama mnakumbuka. Kipindi cha kwanza Yanga ilikimbia sana bila mpangilio unaoeleweka. Mbele walikaba, nyuma walisita. Aucho, ambaye ubora wake ni kusoma mchezo akiwa amesimama mahali sahihi, akajikuta anafukuzana na watu eneo lililokuwa na ukubwa wa mara mbili ya lile alilozoea. Hilal walisubiri. Kipindi cha pili wakapiga mawili. 2-0, nyumbani, mbele ya Wananchi. Kuwalaumu wachezaji hapo ni kuwaonea. Walikuwa wanacheza lugha mbili kwa wakati mmoja, ya kocha aliyeondoka na ya kocha aliyeingia.

Tarehe 7 Desemba wakapigwa 2-0 nyingine na MC Alger huko Algeria. Ndipo gari likaanza kuwaka: sare ya 1-1 na Mazembe kule Lubumbashi kwa bao la jioni la Dube, Mazembe huyo huyo akapigwa 3-1 Dar, Hilal akafungwa 1-0 Nouakchott na Aziz Ki. Ramovic apewe haki yake: ligini hakupoteza mchezo hata mmoja. Tarehe 18 Januari 2025 MC Alger, yaani Mouloudia, wakaja Mkapa, wakajaza watu nyuma, wakaondoka na 0-0 waliyoifuata. Kundi likafungwa hivi: Hilal 10, MC Alger 9, Yanga 8, Mazembe 5.

Pointi moja. Na hesabu ya pointi hiyo ni rahisi kuliko watu wanavyoifanya. Kama Yanga ingepata sare tu Algiers kwenye mechi ya pili, ingemaliza na 9 na Mouloudia na 7. Robo fainali ingekuwa ya Yanga, pale Jangwani. Sare moja ugenini, ya kukaa chini, kufunga katikati na kuvumilia dakika 90. Huo ndio mchezo ambao Gamondi anaujua kwa moyo. Huyu ni mtu aliyefanya kazi Algeria na Morocco kwa miaka, aliyekwenda Pretoria Aprili 2024 akawazuia Mamelodi Sundowns kupata bao katika mechi zote mbili za robo fainali, akatolewa kwa penalti tu. Na lile shuti la Aziz Ki pale Loftus nitaendelea kusema mpaka nizeeke: mpira uligonga mwamba ukavuka mstari, na kila aliyekuwa na macho aliuona. Kocha wa namna hiyo unamwondoa siku 11 kabla ya kundi lenye timu ya Algeria ndani yake?

Wanaotetea uamuzi wana hoja moja nzito, nayo naiheshimu. Wanasema timu ilikuwa imeshuka kabla ya Azam na Tabora, kwamba katika ule ushindi wa mechi nane, mara tano ulikuwa wa bao moja kwa bila. Ni kweli. KenGold, KMC, Simba, Coastal Union, Singida Black Stars, wote walifungwa kimoja kimoja. Mashambulizi yalikuwa mazito, na Aziz Ki hakuwa yule wa msimu uliotangulia. Lakini ugonjwa wa kukosa mabao una dawa nyingi kabla ya kufukuza kocha: dirisha dogo la Desemba, msaidizi mpya wa mazoezi ya viungo, hata kikao kigumu cha usiku kucha. Timu inayoshinda 1-0 mara tano ina msingi. Unaongeza ukuta juu yake, huuvunji.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Yanga hii hii ilishafundishwa somo hili na historia yake. Nabi aliingia Aprili 2021. Septemba ile ile Rivers United wakamtoa Ligi ya Mabingwa kwa kumfunga nyumbani na ugenini. Kelele zilikuwepo, uongozi ukasimama naye, na msimu huo akatwaa ubingwa bila kupoteza mechi ya ligi. Oktoba 2022 Hilal hao hao wakamtoa tena. Novemba Ihefu wakakatisha rekodi ya mechi 49 bila kufungwa. Angekuwa kocha wa 2024, angefukuzwa mara tatu. Hakufukuzwa, na Juni 2023 Yanga ikasimama Algiers ikimfunga USM Alger 1-0 katika fainali ya Shirikisho, kombe likapotea kwa sheria ya bao la ugenini tu. Ile timu ya Diarra, Bangala, Aucho na Mayele haikununuliwa sokoni ikiwa imeiva. Ilivumiliwa mpaka ikaiva.

Gamondi mwenyewe alivumiliwa mara moja. Oktoba 2023 Ihefu walimfunga 2-1 Mbarali, na wapo waliotaka aondoke siku ile ile. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 5 Novemba, Simba akala tano. Siku mbili baada ya kipigo hicho Simba wakamfukuza Robertinho, wakamleta Benchikha, Benchikha akaondoka kabla ya msimu kwisha, na Msimbazi wakamaliza nafasi ya tatu. Jangwani nzima iliwacheka. Mwaka mmoja tu baadaye Jangwani ikafanya jambo lile lile kwa sababu ndogo zaidi. Na si mara ya kwanza. Oktoba 2020 Zlatko Krmpotic alifukuzwa baada ya kushinda 3-0 dhidi ya Coastal Union. Nenda nyuma zaidi, 2016, Hans van der Pluijm mwenye mataji mawili mfululizo ya ligi akapishwa George Lwandamina. Ugonjwa wa pale ni wa zamani: tunaamini kocha mpya ni usajili.

Sasa nijibu swali la vijiweni, kwa sababu ni halali. Tuseme ilikuwa lazima Gamondi aondoke siku ile, nani alifaa? Nabi alikuwa Kaizer Chiefs, ndio kwanza ameanza msimu. Ibenge alikuwa kwenye benchi la wapinzani wenyewe. Jibu langu ni mtu yeyote mwenye sifa moja: anayewajua wachezaji wale na ligi hii. Ambaye angeiacha 4-2-3-1 ilivyo, akamrudisha Bacca, akacheza mechi tatu za kwanza za kundi kwa tahadhari, na mabadiliko makubwa yakangoja Januari. Mzawa angeweza. Juma Mgunda ameishika Simba katikati ya dhoruba zaidi ya mara moja na haikuzama. Lakini kwetu kocha mzawa huitwa kuzima moto, na moto ukizimika anaambiwa asante. Hemed Suleiman Morocco aliivusha Stars kwenda AFCON, kisha wiki chache kabla ya mashindano akawekwa kando. Hilo nalo halikuwa haki, na nitalisema hata kama aliyempisha ni Gamondi ninayemtetea hapa.

Na hapo ndipo wapinzani wangu wanapodhani wamenishika. Wanasema: mbona Gamondi alipewa Stars Novemba 2025, mwezi mmoja na nusu kabla ya AFCON, na akaifikisha mahali ambapo haijawahi kufika? Sare na Uganda, sare na Tunisia, 16 Bora kwa mara ya kwanza, kisha kufungwa 1-0 tu na wenyeji Morocco. Tofauti iko wazi. Gamondi alikuwa ameishi na Bacca na wenzake mazoezini Jangwani. Alikuwa Singida Black Stars, amebeba Kombe la Kagame Septemba 2025 kwa kuwafunga Hilal fainali. Aliijua ligi, aliwajua watu, hakuanza kuwafundisha soka upya. Alipanga ukuta, akawaambia wavumilie, wakavumilia. Kubadili kocha dakika za mwisho kunaweza kufaa pale tu mrithi anapoijua nyumba. Ramovic hakuijua, na hakupewa muda wa kuijua. Februari 2025 akaondoka zake kwenda CR Belouizdad, baada ya siku zisizofika 90, na Miloud Hamdi akaja kumalizia ubingwa kwa pointi 82 dhidi ya 78 za Simba.

Watetezi hukimbilia ubingwa huo kama kinga. Hapana. Ligi Yanga ilikuwa inaipigania na Gamondi pia, ikiwa na pointi 24 kati ya 30. Kilichopotea ni robo fainali ya pili mfululizo ya Ligi ya Mabingwa, heshima na fedha zake, kwa pointi moja. Kwa hiyo mwanachama wa Yanga, ukikaa kwenye mkutano mkuu, usiulize kocha ajaye ni nani. Muulize kiongozi wako ameangalia kalenda ya CAF kabla ya kusaini barua ya kumfukuza aliyepo. Asipokuwa na jibu, mkatalie.