Nafasi ya Mgeni Katika Nyumba ya Mita Nne

Nililala usiku sita katika nyumba ya kichochoroni huko Ho Chi Minh City, mji ambao wakazi wake wengi bado wanauita Saigon. Upande wa mbele nyumba ilikuwa na upana wa kama mita nne. Ndani waliishi watu watano na pikipiki tatu. Begi langu la mgongoni peke yake lilitosha kuziba ngazi. Hata hivyo sikujiona mzigo hata siku moja. Nimejaribu kuchambua jinsi mwenyeji wangu alivyoliweza hilo, na naona kwamba alianza na utaratibu. Godoro lilikuja mwisho.

Kazi yake ilianza kabla sijafika. Alinitumia anwani yenye mikwaju, tuseme 212/15/8, na maelezo ya kuisoma. Fuata barabara kuu hadi namba 212, ndipo ulipo mdomo wa kichochoro. Humo tafuta tawi lenye namba 15. Nyumba ni ya 8. Kila mkwaju ni kona moja. Nilifika mlangoni usiku bila kumsumbua jirani yeyote.

Kabla sijakaa vizuri akaomba pasipoti. Sheria ya Vietnam ya mwaka 2014 inamtaka anayemlaza mtu kutoka nje atoe taarifa polisi ndani ya saa 12, au saa 24 kwa maeneo ya mbali. Wapo wasafiri wanaokereka, wakidhani wanachunguzwa. Mimi nililala kwa amani zaidi, na mama wa mwenyeji wangu pia, kwa kuwa jirani akiuliza huyu ni nani, jibu lilikuwepo.

Kisha akaniuliza umri. Kivietinamu hakina “wewe” moja inayomfaa kila mtu. Watu huitana kwa maneno ya undugu, na mtu hujitaja mwenyewe kwa neno linalolingana na cheo chake mbele ya mwenzake. Alikuwa amenizidi miaka minne, basi yeye akawa anh, yaani kaka, nami nikawa em, mdogo wake. Mama yake, aliyewazidi umri wazazi wangu, nikamwita bác. Aliyelelewa kwa shikamoo na marahaba haelezwi mara mbili hapa. Neno em lilinipa na wajibu wake: kumngoja bác aanze kula, kupokea bakuli kwa mikono miwili, na kutosimika vijiti ndani ya wali, maana vikisimama hivyo hufanana na udi unaofukizwa kwa marehemu.

Nyumba yenyewe ni ya aina iitwayo nhà ống, nyumba ya bomba: nyembamba mbele, ndefu kwenda nyuma, ghorofa juu ya ghorofa. Sebule ya chini hugeuka gereji usiku, na pikipiki huingia kwa zamu: atakayetoka wa kwanza asubuhi huingiza yake mwisho. Mgeni akichelewa, lango la chuma hufunguliwa upya na zote tatu husogezwa. Mwenyeji alinieleza hayo usiku wa kwanza, waziwazi, nikawa narudi kabla ya saa nne. Godoro langu lilitandikwa ghorofa ya juu, karibu na madhabahu ya mababu, miguu ikielekea mbali nayo.

Somo la mwisho lilikuwa kuvuka barabara kwa miguu katikati ya mto wa pikipiki. Alinishika kiwiko: tembea polepole, mwendo mmoja, usisimame ghafla, usirudi nyuma. Waendeshaji husoma mwendo wako na kupita mbele au nyuma yako. Ukisita, unawaharibia hesabu. Mabasi na malori hayakukwepi, hayo yangoje yapite. Kila nilipopanda nyuma yake alinivalisha helmeti kwanza, lazima ya kisheria kwa waendao kwa pikipiki tangu Desemba 2007.

Ukarimu wa namna hii unaweza kufundishwa. Kila sharti aliloniambia mapema liliniondolea kosa moja la kesho, na nyumba iliyojaa ikapata pa kuniweka. Usiku wa sita alinikabidhi ufunguo wa lango akaenda kulala. Niliziingiza pikipiki zote tatu, na sikuhitaji kuuliza ipi iwe ya mwisho.