Vazi kama Ushahidi katika Secondhand Spirits
Lily Ivory, mhusika mkuu wa Secondhand Spirits (2009) ya Juliet Blackwell, anauza nguo za kale mtaani Haight-Ashbury, San Francisco. Aidha ni mchawi (neno kali mno kwa mtu mpole kama yeye): akigusa vazi, huhisi hali ya aliyelivaa. Hapa ndipo penye utata. Riwaya ya upelelezi, hata isiyo na damu nyingi, humwahidi msomaji vidokezo vile vile alivyo navyo mpelelezi. Vidole vya Lily haviazimiki. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), Mohammed Said Abdulla alimpa Bwana Msa mantiki, na mzimu ukabainika kuwa pazia la uhalifu wa binadamu. Blackwell analiacha pazia. Lily anashawishi zaidi anapokuwa mfanyabiashara tu, akilisoma vazi kwa macho ambayo msomaji naye anayo.