Mwanga wa saa ine za usiku

Vitabu vinavyosimulia safari ndefu za bahari ni vingi, na karibu vyote vinajua kusimulia tufani. Lakini usiku wa mwisho, ule ambao wasafiri hawajui bado kama ni wa mwisho, waandikaji wachache wanauweza. Ndiyo sababu tumerudi kusoma daftari la Christophe Colomb, mahali linapoeleza usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Oktoba 1492. Watu wengi wanautaja usiku ule. Waliousoma sawasawa si wengi hivyo.

Kwanza tujue tunasoma nini. Daftari lenyewe aliloliandika Colomb baharini siku kwa siku limepotea. Tunalo tu fupisho lililoandikwa kwa mkono wa Bartolomé de Las Casas, Mdominikani, yule aliyekuja kuwa askofu wa Chiapas na mtetezi wa wenyeji wa Amerika. Fupisho hilo lilipigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1825. Mahali pengine Las Casas anatuachia maneno ya Colomb yalivyo, na hapo Colomb anasema «mimi». Mahali pengine anasimulia mwenyewe mambo yaliyompata «Amirali». Basi, msomaji aangalie vizuri: usiku wa mwisho wote umesimuliwa kwa namna hii ya pili. Colomb hasemi «mimi» hata mara moja. Neno hilo linarudi wakiwa wamekwisha kushuka nchi kavu, na Las Casas anatuarifu wazi kwamba toka hapo anaandika maneno yenyewe ya Amirali. Anayetaka kusikia sauti ya Colomb gizani hataisikia humu.

Merikebu tatu zilikuwa zimeondoka Gomera, katika visiwa vya Canarias, tarehe 6 Septemba. Tarehe 10 Oktoba daftari linakiri kwamba watu hawakuweza tena kuvumilia urefu wa safari. Siku iliyofuata bahari ilichafuka kuliko siku zote zilizotangulia. Na hapohapo, bila neno lolote la kujisifu, inaanza sehemu tunayoipenda kuliko zote. Watu wa Santa María waliona tete bichi likielea. Wale wa Pinta waliokota kijiti kilichochongwa, yaonekana kwa chuma, tena kipande cha tete, mmea wa nchi kavu na kibao kidogo. Wale wa Niña waliona alama zingine na tawi dogo. Kila kitu kimetajwa pamoja na merikebu yake, kama karani wa ghala anavyoandika mizigo. Mwandikaji mwingine angetuletea hapa machozi na kupiga magoti. Huyu anatuambia tu kwamba wote walipumua na kufurahi. Tena kijiti kile si sawa na ndege waliokuwa wakiwaona siku nyingi: ndege anaonyesha kwamba nchi iko, lakini kijiti kilichochongwa kinaonyesha kwamba kuna mtu mwenye kisu.

Jua likatua. Amirali akarudia njia yake ya kwanza, kuelekea magharibi kabisa, nao wakakimbia maili 12 kwa saa. Pinta, kwa kuwa ilikuwa nyepesi, ilitangulia, ikaona nchi, ikatoa alama zilizokuwa zimeagizwa. Baharia aitwaye Rodrigo de Triana ndiye aliyeiona kwanza. Yeye amepewa sentensi moja fupi, basi. Hata jina lake si hakika: katika kesi zilizofuata, jamaa ya Colomb waliposhindana na Serikali ya wafalme, shahidi mmoja alimwita Juan Rodríguez Bermejo.

Sasa ndipo jambo la ajabu linapotokea katika maandiko. Nchi imekwisha kuonekana. Sisi wasomaji tunangoja tuipande pwani. Lakini hadithi inageuka, inarudi nyuma saa ine nzima. Inasema kwamba Amirali, mnamo saa ine za usiku, akisimama mahali palipoinuka nyuma ya merikebu, alikuwa amekwisha kuona mwanga. Mwanga wenyewe ulikuwa hafifu mno, hata hakuthubutu kusema ni nchi. Akamwita Pero Gutiérrez, mtumishi wa nyumba ya mfalme, naye akauona. Akamwita Rodrigo Sánchez wa Segovia, mkaguzi wa wafalme, naye hakuona kitu. Baadaye ukaonekana tena mara moja au mbili, kama mshumaa mdogo wa nta unaopanda na kushuka. Wachache tu walidhani ni alama ya nchi.

Mwanga huo ulikuwa nini? Tunaweza kupiga hesabu kwa tarakimu za daftari lenyewe. Toka saa ine mpaka saa nane za usiku, kwa maili 12 kila saa, ni maili 48, maana yake legwa 12. Saa nane nchi ilikuwa bado mbali legwa 2. Basi saa ine walikuwa mbali legwa 14, makumi ya kilometa. Mshumaa gani unaonekana hapo? Wengine wanasema ulikuwa mwenge ndani ya mtumbwi wa wavuvi. Lakini mvuvi gani angekwenda mbali hivyo na pwani, katika bahari ile iliyochafuka? Mwaka 1935 mtaalamu mmoja, Crawshay, alitoa wazo la minyoo ya bahari inayong'aa usiku. Wazo hilo si baya, ila sisi kinachotushughulisha zaidi ni namna habari ilivyopangwa.

Kwani mpango huu unajisaliti. Baada ya mwanga, maandiko yanasema kwamba kwa sababu hiyo, walipokusanyika wote kuimba Salve Regina kama desturi ya mabaharia, Amirali aliwaonya wakeshe vizuri mbele ya merikebu, na akaahidi koti la hariri kwa atakayeona nchi kwanza. Lakini mabaharia wale waliimba Salve giza linapoingia. Sisi tunaoiimba baada ya Komplini, kisha kila mtu kwenda kulala, tunajua wimbo ule una saa yake. Namna gani basi onyo la jioni liwe tunda la mwanga ulioonekana saa ine? Habari ya mwanga imetiwa ndani baadaye, kama kiraka juu ya nguo, na mshono unaonekana.

Sababu ya kiraka si siri. Zaidi ya koti, wafalme wa Hispania walikuwa wameahidi maravedi 10,000 kila mwaka kwa mtu wa kwanza kuona nchi. Baharia wa kawaida alipata maravedi 1,000 kwa mwezi. Kwa Rodrigo wa Pinta, hiyo ilikuwa mshahara wa miezi 10, mwaka kwa mwaka. Zawadi hiyo alipewa Colomb, kwa ajili ya mwanga.

Hapa wasomaji wanagawanyika. Wengine wanahubiri juu ya Amirali aliyeona nuru gizani peke yake. Wengine wanasema ni mwizi wa zawadi ya maskini, wanafunga kitabu. Sisi tunaona kwamba maandiko ni bora kuliko makundi yote mawili. Kama yangetaka tu kumtetea Amirali, yangemfuta Rodrigo Sánchez. Kumbe yamemwacha pale pale, mkaguzi wa wafalme asiyeona kitu! Ni kweli, yanaongeza udhuru kwamba hakusimama mahali pa kuonea. Udhuru dhaifu sana, katika merikebu isiyopita urefu wa kanisa la misioni. Lakini shahidi hakuondolewa, wala mabaharia wasiosadiki, wala Rodrigo wa Pinta. Las Casas aliyafupisha mengine yote, haya hakuyatupa. Kwa kazi hiyo peke yake tungemwita mwandikaji mwaminifu.

Tunaomba msomaji asione haya kuwa ni madogo. Sisi wa Congo tunajua hasara ya kukosa maandiko ya namna hii. Miaka kumi hivi kabla ya Colomb, Diogo Cão na Wareno wake walifika kwenye mlango wa mto Nzadi. Waliacha nguzo ya jiwe pwani, na majina yao yamechongwa kwenye miamba ya Yellala, karibu na Matadi. Mawe hayo yanataja majina. Usiku wao wa mwisho baharini hayausimulii.

Tena kuna watu ambao daftari la Colomb halikuweza kuwaona usiku ule: wale waliolala kisiwani. Waliita kisiwa chao Guanahani. Miaka isiyofika 30 baadaye visiwa vile vilikuwa karibu vitupu, kwani wenyeji walichukuliwa kwa nguvu kwenda kufanya kazi Hispaniola na kwingineko. Las Casas, alipokuwa anafupisha, aliyajua hayo yote. Hata hivyo hakuchomeka hapa neno la maombolezo. Aliandika tu kwamba matanga yalishushwa, likabaki moja, na merikebu zikakaa mbali na nchi zikingoja mapambazuko ya Ijumaa. Wala hakuweka kichwa kipya cha tarehe 12: mchana unafuata mara moja chini ya tarehe ileile 11, na watu wa Guanahani wamekwisha kusimama pwani.