Pembe ya Mkanda

Injini ya lori la majani chai inapotolewa kwenye fremu, sifa zote humwendea fundi atakayeifungua. Aliyeifunga mikanda ili iinuke hatajwi. Nadhani hapo tunakosea, kuanzia gereji za Sigor, nchini Kenya, hadi viwanda vya chai kama Mogogosiek na Kapkoros, ambako mashine nzito hazina budi kushushwa na kupandishwa. Kufunga mzigo ni ufundi kamili, na kiini chake ni kuitambua nguvu isiyoonekana kwa macho.

Chukua mota ya tani moja inayoning'inia kwa mikanda miwili kwenye ndoano moja. Mikanda ikisimama wima, kila mmoja hubeba kilo 500. Ikitanuka hadi pembe yake na usawa wa ardhi ikawa digrii 60, kila mmoja huvutwa kwa kilo 577 hivi. Kwa digrii 45, kilo 707. Kwa digrii 30, kilo 1,000 kamili. Mota haijaongezeka hata gramu moja. Mikanda iliyolala huvutana yenyewe kwa yenyewe, na kadiri inavyozidi kulala ndivyo sehemu ndogo tu ya mvuto wake inavyobaki ya kuubeba mzigo. Ndiyo maana fundi mzuri hutafuta mikanda mirefu zaidi kabla ya kugusa mnyororo wa winchi, hata kama wanaomtazama wanaona anawachelewesha.

Wapo watakaosema kwamba mkanda wa polista una nguvu mara saba ya uzito ulioandikwa kwenye lebo, hivyo hesabu hizi ni woga. Kweli, viwango vya Ulaya vinadai mara saba. Lakini akiba hiyo ina kazi yake tayari: mzigo uliokwama ukachomoka ghafla, uchakavu, jua la miaka. Tena haisaidii kitu mbele ya ukingo mkali wa chuma, unaokata nyuzi moja baada ya nyingine hata mzigo ukiwa mwepesi. Pitisha vidole kwenye mkanda wa zamani. Pengine utagusa mahali pagumu, panapong'aa. Hapo nyuzi ziliyeyuka kwa msuguano, na mkanda huo umekwisha kazi. Ambao lebo yake haisomeki nao umekwisha kazi, hata uonekane mpya.

Pingamizi ninaloliheshimu ni la pesa. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka vifaa vya kuinulia vikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa kila baada ya miezi sita, na kwa gereji ndogo hiyo ni gharama ya kweli, juu ya bei ya mkanda wenyewe. Hata hivyo, sehemu kubwa ya ufundi huu hainunuliwi. Kuinua mzigo sentimita chache, kusubiri utulie na kuona umeinamia wapi, kisha kuushusha na kuufunga upya, hakuna risiti yake. Wala kumwondoa turnboi chini ya injini. Na kuhusu ule ukingo mkali, kipande cha tairi kuukuu kilichokatwa kwa upana wa mkanda kinasaidia, na gereji gani ya Sigor itakikosa?