Mizani ya Mshairi na Mizani ya Sokoni

Miongoni mwa maneno yanayowatatiza wanafunzi wetu wa Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, ambao wengi wao hukisikia Kiswahili sokoni na barabarani kabla ya kukisoma darasani, ni yale ya fani ya ushairi. Mwalimu atajapo mizani, muuza samaki huona sahani mbili na mawe ya kupimia. Dereva wa lori litokalo Dar es Salaam hukumbuka mahali anapolazimika kusimama ili gari lake lipimwe uzito. Mwalimu mwenyewe huhesabu silabi. Kina nacho, kwa mvuvi, ni umbali wa maji kwenda chini. Kwa mshairi ni silabi zinazofanana mwishoni mwa vipande. Bahari ya nahodha husafiriwa. Ya mshairi ni aina ya utungo.

Wapo wenzetu wanaopendekeza tuyaache maneno haya, tutumie istilahi zisizo na maana ya pili. Hoja yao si ya kupuuzwa, kwani istilahi njema haimwachi msomaji njia panda. Hata hivyo, kwa maoni yetu, kosa halimo katika maneno bali katika ufundishaji wetu.

Tuchukue mfano mdogo. Neno "mbu" lina mizani 2, kwa kuwa m- yake husimama peke yake: m-bu. Neno "mbuzi" nalo lina mizani 2: mbu-zi. Mwambie mchuuzi kwamba mbu na mbuzi wana uzito mmoja, naye atacheka. Kicheko hicho ni mlango wa somo. Mwanafunzi aliyecheka hatasahau kwamba mshairi hupima sauti, si herufi wala ukubwa wa kitu. Tena sahani mbili za mchuuzi humfafanulia upesi kwa nini mstari wa mizani 16 hugawanywa 8 katika ukwapi na 8 katika utao: pande mbili sharti zilingane.

Lakini yapo madhara ambayo yatupasa kuyakiri. Tumezoea kuhesabu, tukasahau kupima. Mara ngapi tumempa alama zote mwanafunzi aliyetimiza mizani na vina, ilhali beti zake hazisemi neno? Na mara ngapi tumemnyima mwenzake mwenye fikra nzito kwa sababu mstari mmoja ulipungua silabi? Hapo mizani yetu imekuwa kama ile ya mchuuzi asiye mwaminifu: yaonyesha tarakimu, haionyeshi haki.

Jambo hili lagusa pia mgogoro mkubwa wa ushairi wetu. Kaluta Amri Abedi alichapisha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954. Miaka 20 baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, diwani iliyojitoa katika kanuni hizo. Anayejua maana moja tu ya mizani atasema Kezilahabi hakupima chochote. Anayekumbuka ile ya sokoni atauliza swali lililo bora, nalo awaulize washairi wote wawili: je, kila neno hapa lina uzito wake, na je, pande zimelingana?

Basi twawashauri walimu wenzetu wasiyafukuze maneno haya. Mwalimu aanzapo somo la ushairi, awaulize kwanza wanafunzi wake mizani ni nini nyumbani kwao, kina ni nini ziwani, na kituo ni nini njiani. Ndipo awaonyeshe jinsi mshairi naye hutua mzigo wake katika mstari wa mwisho wa ubeti. Mtoto wa mvuvi asiambiwe kwamba kina anachokijua si sahihi. Aambiwe kwamba shairi lenye vina vyote, lakini lisilo na kina, bado halijakamilika.