Kumpima Mchezaji Kijana

Mji wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, ulisifika katika karne ya 19 kwa mafundi wake: washona makubadhi, wafua vyuma, wachonga milango na wanakili wa misahafu. Mnunuzi mjuzi wa makubadhi hatazami nakshi peke yake. Hugeuza kiatu akakagua ushono, maana nakshi huonekana dukani, bali ushono huonekana njiani. Nakuomba, msomaji, tuuchukue ujuzi huo wa mnunuzi tuupeleke mbali kidogo, hata Marekani, ambako kila mwaka timu za mpira wa kikapu wa kulipwa huwapima vijana wa vyuo vikuu na kuwachagua mmoja baada ya mmoja.

Tuwatazame vijana wawili waliotoka pande zetu za Afrika. Wa kwanza ni Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam. Kimo chake kilikuwa futi 7 na inchi 3, naye alicheza katikati, karibu na kikapu, katika Chuo Kikuu cha Connecticut. Msimu wake wa mwisho, 2008 hadi 2009, alipata wastani wa pointi 13.6 katika kila mchezo, na kuzuia mitupo zaidi ya 4. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies ikamchagua awe wa pili miongoni mwa wote, ikiwaacha James Harden na Stephen Curry. Akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi ya NBA. Lakini kwa misimu 5 aliyokaa humo, wastani wake haukuzidi sana pointi 2.

Wa pili ni Luol Deng, aliyezaliwa Wau, Sudan Kusini, mwaka 1985. Alikimbia vita pamoja na jamaa zake, akakulia Misri na London. Huyu alikuwa mchezaji wa mbele, mwenye futi 6 na inchi 9. Alicheza msimu mmoja tu katika Chuo Kikuu cha Duke, akapata wastani wa pointi 15.1, na mwaka 2004 akachaguliwa wa saba. Alidumu katika ligi misimu 15, na mara mbili, mwaka 2012 na 2013, alitiwa katika mchezo wa nyota wote.

Ukizitazama hesabu za chuoni, wawili hawa hawakupitana sana. Basi tofauti ilitoka wapi? Nionavyo mimi, kipawa kikubwa cha Thabeet kilitegemea udogo wa wengine. Miongoni mwa wanafunzi alikuwa mnara. Mbele ya watu wazima wenye vimo na nguvu, ule urefu ulipungua thamani, na mbinu za kufunga alikuwa hajazikomaza, kwa kuwa alianza mchezo huu akiwa na umri wa miaka 15 hivi. Deng hakuwa na jambo moja la kushangaza macho. Alikuwa na mengi ya wastani mwema: kukaba, kukimbia bila mpira, kutupa kwa utulivu, kudaka mipira inayorudi ubaoni. Mambo hayo hayapungui thamani adui akiwa mkubwa. Huo ndio ushono.

Huenda ukaniambia kwamba ni rahisi kuwa mwerevu baada ya tukio. Neno lako ni la haki. Lakini swali lenyewe lingeweza kuulizwa mapema: kama kila mtu uwanjani angelikuwa mrefu kama huyu, angebakiwa na nini? Asiyeuliza hivyo hupima kimo akidhani anapima ufundi.

Wala tusimdharau Thabeet. Kijana aliyechelewa kuanza, akafika alikofika, amefanya kazi kubwa. Yeye hakujichagua awe wa pili. Walimchagua watu, na kosa la mizani si kosa la kitu kilichopimwa. Aibu ya kosa hilo, hata hivyo, aliibeba yeye, na hili ndilo linifanyalo niandike. Hukumu ya haraka humdhuru anayesifiwa sawasawa na anayekataliwa.

Nawe, msomaji, utapimwa, na siku moja utapima wengine. Ikiwa wewe ni wa kwanza katika darasa dogo, furahi, kisha ujiulize kama u wa kwanza kwa sababu unajua, au kwa sababu wenzako bado hawajajua. Jibu la swali hilo usingoje uambiwe na wageni. Geuza kiatu chako mwenyewe, utazame ushono wake, ukaze uzi uliolegea kabla hujaianza safari.