Daftari Kabla ya Kibodi

Fundi wa kompyuta anayeijua kazi yake utamtambua kwa daftari. Otonglo, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia, yuko mmoja ninayependa kumtazama akiwa kazini. Mteja akimletea laptopu akitaka Windows na Linux zikae humo pamoja, haiwashi kwanza. Anafungua ukurasa mpya, anachora mstatili mrefu, na huo ndio diski. Kisha anaanza kuuliza maswali.

Wateja wa kazi hii wapo. Laptopu nyingi zinazouzwa huku zimeshatumika ng'ambo. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inazikataa mashine nyingi za zamani. Mwenye mashine kama hiyo hataki kuachana na programu alizozoea, lakini anataka Ubuntu, aina ya Linux, ya kuingilia intaneti. Mwanafunzi wa Maseno au Bondo naye ataongeza ombi la tatu: nafasi ya kujaribia Debian, aina nyingine ya Linux.

"Mwalimu, faili yako kubwa kabisa ni gani?" fundi anamuuliza mteja mmoja.

"Labda ile video ya harusi."

Swali hilo si la kupiga gumzo. Sehemu ya diski iliyoandaliwa kwa FAT32 haipokei faili inayofika GB 4, na video ya harusi hupita hapo kwa urahisi. Ext4 ya Linux nayo haisomwi na Windows bila programu ya ziada. Basi sehemu ya nyaraka na picha, ambayo mifumo yote itaichangia, anaiandika NTFS.

Halafu zinakuja hesabu. Diski ya GB 500 Windows huionyesha kuwa ya 465, kwa sababu kiwanda huhesabu kwa 1,000 na Windows kwa 1,024. Fundi anaanzia 465. Windows anaipa 120, Ubuntu 40, Debian 30, swopu (akiba ya kumbukumbu ya Linux) 8, na nyaraka 200. Zinabaki kama 67, na hizo hazigawi. Anaziacha tupu, tena mara tu baada ya Windows. Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Windows hunenepa kila ikisasishwa, na chombo chake cha kupangia diski huweza kuipanua kuelekea kulia tu, kwenye nafasi tupu inayopakana nayo. Nafasi hiyo hiyo ikiachwa mwisho wa diski, Windows haiwezi kuifikia bila kwanza kuhamisha kila kilichomo katikati. Ni kama boma la Kijaluo: mahali pa kila nyumba hujulikana kabla ya msingi kuchimbwa.

Kalamu ikishawekwa chini, mkono nao hauna haraka. Anahakikisha nakala ya kazi za mteja iko kwenye diski ya nje. Anazima haibanesheni, yaani Windows kulala kwa kuhifadhi kazi kwenye diski, kwa kuwa faili yake ni miongoni mwa zile zisizosogea ambazo huzuia Windows kupunguzwa. Anazima pia ule uwashaji wa haraka, maana ukiwepo, Windows haizimiki kabisa, na Linux ikiandika kwenye sehemu ya pamoja inaweza kuziharibu nyaraka. Windows anaipunguza kwa chombo chake chenyewe, ndipo aingize Linux. Wala haigusi ile sehemu ndogo ya kuwashia, mara nyingi MB 100 tu, ambamo kila mfumo huweka folda yake. Ukiifuta hiyo, mashine haitawaka.

Alasiri wingu likijikusanya juu ya ziwa, anasimama. Betri za laptopu hizi nyingi zimechoka, na stima ikipotea wakati sehemu ya diski inahamishwa, data inaweza kwenda nayo. Mteja atangoja mvua ipite.

Hata baada ya mifumo yote kuwaka, bado anaangalia saa. Windows huisoma saa ya mashine kama saa ya hapa, ilhali Linux mara nyingi huitunza kwa saa ya ulimwengu, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Ukitoka Ubuntu saa tatu asubuhi, Windows inaweza kukuambia ni saa kumi na mbili. Amri moja ndani ya kila Linux hulimaliza jambo hilo, na fundi huiandika mwisho wa ukurasa, chini ya mstatili. Ukurasa huo hupigwa picha, na mteja huondoka nayo kwenye simu, ili fundi mwingine asije akabahatisha.

Ukipeleka mashine yako kwa kazi hii, beba na diski ya kuwekea nakala. Fundi akianza kubofya kabla ya kukuuliza unaitumia kwa kazi gani, mshukuru, ichukue, utafute mwingine.